Dola 181,000 za Shahada ya Filamu: Namba Hizi Zinamhesabu Nani?

Julai 2021 gazeti la The Wall Street Journal lilitoa habari iliyowashtua wengi wenye ndoto za Hollywood. Lilichukua wahitimu wa shahada ya uzamili ya filamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliosoma kwa mikopo ya serikali ya Marekani. Mtu wa katikati kati yao alikuwa na deni la dola 181,000, ambalo kwa shilingi ya Tanzania linapita milioni 400. Miaka miwili baada ya kuhitimu, nusu yao walikuwa wakipata chini ya dola 30,000 kwa mwaka.

Tangu hapo, kijana akitamka tu kwamba anataka kusomea filamu Marekani, namba hizo hushushwa mezani kama rungu. Kijana naye huwa na zake. Atasema takwimu za kazi za serikali ya huko zinaonyesha waongozaji na watayarishaji wanapata zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Atafungua simu aonyeshe chati ya rangi yenye wanafunzi Weusi asilimia fulani na wa kimataifa asilimia fulani, kwa hiyo na sisi tunachukuliwa. Mzazi hadanganyi na kijana hadanganyi. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia watu wengine kabisa.

Namba ya gharama inahesabu kundi moja, ya mapato inahesabu kundi jingine, na ya mchanganyiko wa wanafunzi kundi la tatu. Kisha tovuti za kulinganisha vyuo zinazipanga zote kwenye ukurasa mmoja, na msomaji anaamini ni watu walewale. Kwa familia ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kuna ajabu nyingine: mara nyingi mtoto wao hayumo katika kundi lolote kati ya hayo.

Maneno kwanza. Shahada ya kwanza ya filamu kule huchukua miaka minne, na ndani yake kijana anasoma pia historia, fasihi, hata sayansi kidogo. Shahada ya uzamili ya utendaji, wao wanaiita MFA, huchukua miaka miwili hadi minne na kazi yake ni kuandika skripti, kuongoza, kupiga picha na kuhariri. Ada ni malipo ya masomo peke yake. Gharama ya kusoma ni ada ukijumlisha malazi, chakula, vitabu, bima ya afya na usafiri. Ruzuku hairudishwi. Mkopo unarudishwa, tena na riba. Hilo la mwisho linaonekana halihitaji kuelezwa, lakini barua za udahili za vyuo vingi huweka ruzuku na mkopo chini ya kichwa kimoja cha "msaada wa fedha", na watu wazima wenye akili zao wamefanya sherehe kwa msaada ambao nusu yake ulikuwa deni.

Namba zenyewe chimbuko lake kubwa ni mawili. Kuna College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani iliyozinduliwa Septemba 2015. Na kuna IPEDS, takwimu ambazo kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu hulazimika kuzijaza. Tovuti nyingi nyingine unazozijua huchota humo na kupaka rangi.

Tuingie kwenye gharama. Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, USC, ambacho shule yake ya filamu ilianza mwaka 1929, kilikadiria gharama ya kusoma kwa mwaka wa masomo 2024/25 kuwa zaidi ya dola 90,000. Katika jiji hilohilo la Los Angeles, vyuo vya umma vya mfumo wa California State University, ambavyo navyo vina idara za filamu, vilitoza ada ya msingi ya dola 6,084 kwa mkazi wa jimbo. Neno la kuangalia hapo ni mkazi. Asiye mkazi wa California anaongezewa, na huko UCLA, chuo kingine cha umma jijini humo, nyongeza hiyo peke yake kwa shahada ya kwanza ilikuwa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Mtoto aliyetoka Morogoro si mkazi. Wala aliyetoka jimbo la Texas.

Halafu tovuti inakuonyesha kitu kinaitwa bei halisi, na huwa ndogo, wakati mwingine nusu ya gharama iliyotangazwa. Bei halisi ni gharama ya kusoma ukitoa ruzuku. Lakini ni ruzuku za nani? Wanaohesabiwa ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza waliopata msaada wa serikali kuu ya Marekani, kwa chuo kizima, wa uhandisi na wa uuguzi humohumo. Kwa vyuo vya umma wanahesabiwa wale tu wanaolipa ada ya mkazi. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo hana haki ya msaada huo wa serikali, kwa hiyo hayumo. Wa uzamili hayumo pia. Kwa hiyo ukiona chuo fulani "bei halisi dola 22,000", usiipeleke kwa mjomba anayechangia ada. Hiyo ni bei ya mtu mwingine.

Mgeni anaanza na I-20, fomu ya chuo anayoombea viza ya masomo, na chuo hakiitoi mpaka kione ushahidi kwamba fedha ya mwaka wa kwanza ipo. Akishafika anaweza kufanya kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi. Mikopo ya benki binafsi ipo, ila wakopeshaji wengi hudai mdhamini ambaye ni raia au mkazi wa kudumu wa Marekani. Hata hivyo wanaosema wageni hawapewi kitu nao wanakosea. Ruzuku za chuo chenyewe ni uamuzi wa chuo, na wanafunzi wa uzamili katika vyuo vya umma hupata nafasi za kufundisha madarasa ya chini, jambo ambalo linaweza kupunguza ada sana. Jirani wa filamu, yaani shule ya maigizo ya Yale alikosomea Lupita Nyong'o hadi 2012, iliacha kabisa kutoza ada baada ya David Geffen, tajiri wa Hollywood, kuipa dola milioni 150 mwaka 2021. Nyong'o alishaondoka miaka tisa kabla. Ndiyo bahati ilivyo.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye hesabu ya tovuti yoyote, nayo ndiyo inayowamaliza wanafunzi wa filamu. Filamu ya kuhitimu. Tuseme ni ya dakika 15, siku sita za kushuti. Wanafunzi wenzako wanakuja kukusaidia bure, utawalipa kwa kuwasaidia zamu yao ikifika. Lakini watu 20 hawashindi njaa kwa saa 12: kila siku kuna milo miwili, kahawa, maji, na yule asiyekula nyama. Kamera ya chuo ipo ila lenzi unayoitaka unaikodi, na duka la kukodisha halikupi bila cheti cha bima. Kushuti barabarani kunataka kibali. Waigizaji watoto wanataka mwalimu pale pale lokesheni, sheria ya California inadai hivyo. Kisha gari la vifaa, diski za kuhifadhia, nakala ya pili ya diski hizo kwa sababu ya kwanza huwa inakufa siku mbaya, fundi wa sauti, mtu wa kurekebisha rangi, na haki za muziki. Ukimaliza yote unaanza kulipia kuiingiza filamu kwenye matamasha, na tamasha moja halitoshi. Vyuo vichache hugharimia sehemu kubwa ya filamu za wanafunzi wao. Vingine vinakuachia mwenyewe, na hapo ndipo utaona kampeni za michango zikizunguka mitandaoni kila mwaka.

Sasa mapato. Tovuti hazitumii wastani, zinatumia kipato cha katikati, na zina sababu. Chukua kijiwe chenye bodaboda 11, kila mmoja anaingiza karibu sawa na mwenzake. Siku moja mmoja mkeka wake unatiki, anavuna milioni 300. Wastani wa kijiwe unaruka juu na kila mmoja anaonekana tajiri, wakati 10 kati yao bado wanatafuta mafuta ya kesho. Ukiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu na kumwangalia wa sita, aliye katikati, kipato chake hakijabadilika. Huyo ndiye anayekuambia ukweli wa kijiwe. Fani ya filamu imejaa mikeka iliyotiki. Ryan Coogler, mwongozaji wa Black Panther, alihitimu uzamili USC, na ukimweka kwenye wastani wa darasa lolote atalifanya lote lionekane la mamilionea. Kwa hiyo kipato cha katikati ni kipimo cha haki.

Kina haki, ila kina mipaka yake. College Scorecard inachukua waliopata msaada wa serikali kuu, inalinganisha na rekodi za kodi za Marekani, na inawaacha wasio na kazi na waliorudi darasani. Mtoto wa tajiri ambaye hakukopa hayumo. Mgeni hayumo. Kozi yenye wahitimu wachache hufichwa ili watu wasitambulike. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tovuti haitenganishi filamu kama tunavyofikiri. Inatumia fungu moja la kitaifa linaloitwa filamu, video na upigaji picha. Ndani ya fungu hilo yumo anayeandika tasnifu juu ya sinema ya Italia ya miaka ya 1940, yumo anayeshuti, na yumo anayepiga picha za mnato. Ukisoma kwamba wahitimu wa filamu wa chuo fulani wanapata kiasi fulani, huenda mpiga picha za harusi amehesabiwa humo.

Na zile dola 80,000 za kijana? Zinatoka ofisi ya takwimu za kazi, na zinahesabu watu ambao tayari wana ajira ya kuongoza au kutayarisha, pamoja na watayarishaji wa vipindi vya televisheni na redio wenye miaka 20 kazini. Waliojiajiri hawamo, na kwenye filamu waliojiajiri ni wengi mno. Aliyehitimu akaishia kuuza viatu hayumo, kwa sababu namba inafuata cheo na haina habari na cheti. Ni kama kuuliza wachezaji wa Simba na Yanga wanalipwa kiasi gani ili kujua kipato cha kila aliyepita kwenye akademia ya soka.

Miaka miwili ya mwanzo kipato cha chini kina sababu yake pia. Karibu kila mtu anaanza kama msaidizi wa seti. Analipwa kwa siku, anasimama kwenye kona kuzuia watu wasipite wakati kamera inazunguka, anapeleka kahawa, anarudisha vifaa saa tisa za usiku. Kazi ikiisha anasubiri nyingine. Mwaka 2023 ulizidisha ubaya huo. Waandishi wa skripti waligoma tangu Mei 2 hadi Septemba 27, waigizaji tangu Julai 14 hadi Novemba 9, na seti nyingi zikafungwa. Kwa hiyo mapato ya mwaka huo yana doa ambalo shule ya filamu haihusiki nalo, na ukiyakuta kwenye tovuti uyasome hivyo. Mimi naona kipato cha miaka minne au mitano baada ya kuhitimu kinasema mengi zaidi kuliko cha mwaka wa kwanza, na siku hizi College Scorecard inatoa cha muda huo kwa baadhi ya kozi. Kianze kutazamwa hicho.

Kwa mgeni saa inakimbia kwa namna nyingine. Akihitimu anaruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Wenye shahada za sayansi na teknolojia huongezewa miezi 24, filamu kwa kawaida haimo kwenye orodha hiyo. Miezi 12 ndiyo muda wa kuwa yule msaidizi anayesimama kwenye kona. Anayerudi nyumbani akafungua kampuni Kinondoni au Kilimani hafiki tena kwenye rekodi za kodi za Marekani, awe amefanikiwa au ameshindwa. Wanuri Kahiu wa Kenya alisoma uzamili wa filamu UCLA, na mwaka 2018 filamu yake ikawa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi tamasha la Cannes. Amil Shivji wa Tanzania alisomea Chuo Kikuu cha York, Toronto, akarudi kutengeneza filamu kwa Kiswahili. Mtu anayefuata njia kama hizo, chati ya mapato ya Marekani haina mahali pa kumweka.

Twende kwenye ile chati ya rangi. Fikiria vijana watatu waliokulia mtaa mmoja Upanga, wote wamepata nafasi shule moja ya filamu. Wa kwanza ameenda na viza ya masomo. Wa pili wazazi wake walishinda bahati nasibu ya viza, ana kibali cha ukazi wa kudumu. Wa tatu ni wa familia ya Kizanzibari yenye asili ya Oman, amezaliwa Marekani na ana uraia. Kwenye takwimu za chuo wa kwanza anahesabiwa "asiye mkazi" na hapo ndipo mwisho. Ni Mwafrika mweusi, lakini haingii kwenye asilimia ya Weusi, kama vile Mchina mwenye viza asivyoingia kwenye ya Waasia. Wa pili anaingia kwenye Weusi, sanduku moja na mtu ambaye ukoo wake umekuwa Alabama tangu zama za utumwa. Wa tatu, kwa utaratibu uliotumika miaka yote, asili ya Mashariki ya Kati ilihesabiwa Mzungu. Machi 2024 serikali iliidhinisha sanduku jipya la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ila taasisi zilipewa miaka mitano kubadilisha fomu zao.

Kwa hiyo asilimia ndogo ya Weusi haimaanishi kwamba Waafrika hawapo, na asilimia kubwa ya wageni haimaanishi kwamba Waafrika wapo. Wageni hao wanaweza kuwa karibu wote wametoka China, India na Korea Kusini, kwa sababu rahisi kabisa kwamba wana uwezo wa kulipa bei kamili. Tena chati za kozi moja moja, kama filamu, mara nyingi hutokana na hesabu ya shahada zilizotolewa mwaka ule. Walioingia wakaishiwa fedha mwaka wa pili hawaonekani.

Fedha na sura za darasani ni habari moja, na UCLA inaonyesha vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo hicho kilianzisha mpango maalumu wa kuwaingiza wanafunzi Weusi, Walatino, Waasia na Wamarekani Wenyeji kwenye idara ya filamu. Kwa sababu ni chuo cha umma, ada ilikuwa ndogo na vifaa ni vya chuo. Wakatokea humo waongozaji Charles Burnett, Julie Dash na Mwethiopia Haile Gerima, ambaye baadaye alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Watu hao walishuti wikendi, mitaani kwao, kwa kamera ya kuazima. Mpango kama ule ukiuweka kwenye shule ya dola 90,000 kwa mwaka bila ruzuku nono, utapata brosha nzuri na darasa la watoto wa matajiri wa rangi mbalimbali. USC inalijua hilo, ndiyo maana mwaka 2015 mfuko wa familia ya George Lucas, mtengenezaji wa Star Wars na mhitimu wa hapo, uliweka dola milioni 10 kwa ajili ya wanafunzi Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini.

Deni la Columbia nalo lilikuwa na mlango wake. Tangu 2006 mwanafunzi wa uzamili Mmarekani aliweza kukopa serikalini hadi gharama yote ya kusoma, na gharama hiyo inapangwa na chuo chenyewe. Chuo kikipandisha, mkopo unapanda. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefunga mlango huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Wa uzamili wa fani kama filamu sasa mwisho wao ni dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Sheria hiyo pia inazitishia kozi: wahitimu wa shahada ya kwanza wakishindwa kuwazidi kipato watu wenye cheti cha sekondari tu, kwa miaka miwili kati ya mitatu, kozi inapoteza haki ya mikopo hiyo. Mgeni hakopi huko, lakini asidhani hayamhusu. Shule inayopoteza wakopaji ama itashusha bei, ama itapunguza darasa, ama itaongeza juhudi ya kutafuta wageni wanaolipa taslimu. Ukianza kupata barua pepe tamu kuliko kawaida, kumbuka hilo.

Badala ya kubishana na chati, ofisi ya udahili iulizwe kwa maandishi: mwaka jana wageni wangapi wa kozi hii walipata ruzuku ya chuo, na kiasi gani? Ruzuku hiyo inadumu miaka yote au wa kwanza tu? Filamu ya kuhitimu kwa kawaida imemgharimu mwanafunzi shilingi ngapi kutoka mfukoni? Wahitimu wageni wa miaka mitano iliyopita wako wapi? Chuo kinachojua majibu hujibu ndani ya wiki.

Na waulizwe filamu ya kuhitimu ni mali ya nani. Zipo shule ambazo zinatoa fedha na vifaa, kisha hakimiliki inabaki kwao, na mwanafunzi akitaka kuiuza kwa kituo cha televisheni anaomba ruhusa. Zipo ambazo hazitoi hata senti lakini kazi ni yako, unaiuza unavyotaka. Kwa kijana atakayerudi Dar es Salaam bila viza na bila kazi, filamu hiyo ya dakika 15 ndiyo bidhaa pekee aliyonayo sokoni, kwa hiyo jibu la swali hilo alipate kabla hajalipa ada ya kwanza.